Vile Niliumwa Miaka Kumi na Tisa Bila Kuumwa

Nyinyi mnaobaki hapo kwa labu, na wewe Nancy uliyechukua kitanda yangu, kaeni chini kidogo. Mimi na kalamu hatukuwahi kujuana, kwa hivyo hii yote naisema kwa simu na mjukuu wangu anaandika. Nimemwambia asinirekebishe. Akinirekebisha itatoka kama barua ya chifu, na mtasema huyu sio Shosho.

Nimestaafu mwezi jana. Walinipa keki, blanketi na hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu kuliko blanketi. Walisema nimefanya usafi kwa chuo vizuri sana. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Ile nusu ingine hakuna mtu alijua aiite aje, ndio acha niwaambie mwenyewe.

Mimi nilizaliwa Silibwet. Baba alikuja huku kutoka Nyeri akiwa kijana, akafungua duka ya chumvi, sukari na mafuta ya taa. Kwa nyumba tulikuwa tunaongea Kikuyu, kwa barabara Kipsigis, kwa duka Kiswahili. Shule sikuenda. Mtu wa kukaa dukani alitakikana, na ndugu zangu walinishinda kulia. Basi nilikaa nyuma ya hiyo kaunta nikasikiliza watu. Mtu akitoka, nilikuwa narudia maneno yake kwa sauti yake mpaka mama yangu anacheka anashika mlango. Sikujua kwamba hiyo ni kazi. Nilikuwa nachapwa kwa sababu yake.

Chuo ya Kericho iliniandika kama mtu wa kufagia, tena nikiwa tayari nyanya, ndio mkaniita Shosho. Niliwekwa kwa labu ya mazoezi, pale wanasomea watoto wa fizio ya kunyoosha viungo, wa kupiga picha za mifupa, wa lishe, na wale wa kufundisha mtu aliyepooza kuvaa shati tena. Sio madaktari. Wao ndio wale unakutana nao daktari akishaenda.

Siku ya kwanza nilifungua mlango na ndoo yangu, nikakuta mzee amelala kwa kitanda, amefunikwa shuka, miguu iko nje. Nikamwambia, "Chamgei, mzee." Akanyamaza. Nikasema ni mgonjwa, acha apumzike, nitafagia akiamka. Nikarudi saa nne, bado. Nikarudi saa sita, bado. Nikaenda kuita Madam Chelangat, mkubwa wa fizio, nikamwambia pole sana lakini nafikiri mzee wenu ametuacha. Madam anaongea polepole, kama mtu anamimina maziwa na hataki imwagike. Akasema, "Mama. Huyo ni wa mpira." Halafu akaongeza, "Lakini asante kwa kumsalimia. Wanafunzi hawamsalimii."

Huyo Madam ndiye alinifundisha kila kitu. Kwanza vyombo. Ile rula mbili zimeshikana kama miguu ya panzi, ya kupima mkono inakunja mpaka wapi, usiifute na spiriti, namba inatoka. Nyundo ya mpira inawekwa kwa droo ya juu, kwa sababu ya chini wanaikanyaga. Mifupa iko kwa kabati, na ukimfungua, mshike kichwa kwanza.

Sasa, mwaka wangu wa pili, mgonjwa wa mazoezi hakuja. Huyo alikuwa mzee fulani wa mjini, kazi yake ilikuwa kuja kulala pale ajifanye anaumwa ndio wanafunzi wajifunze. Hiyo siku hakuja kwa sababu alikuwa mgonjwa. Klasi nzima imesimama. Madam akaniangalia.

"Mama Wairimu, weka ndoo chini. Panda hapo. Umeumia goti."

"Goti gani?"

"Chagua."

Nikachagua la kushoto, nikachagua pia sauti ya mteja mmoja wa baba, mzee alikuwa anaingia dukani akinung'unika kama mlango. Nilinung'unika vizuri mpaka msichana mmoja akaanza kulia akasema mgonjwa apelekwe hospitali. Kutoka hiyo siku nilikuwa nafagia asubuhi na naumwa mchana.

Nimeumwa mgongo, kiuno, shingo, nimepooza upande zote mbili, lakini sio siku moja. Wale wa lishe waliniuliza nimekula nini, nikasema ugali na mboga na chai. Chai vikombe ngapi? Nikawaambia ugali mnaweza kuhesabu, chai hapana. Wakaandika wakitikisa kichwa.

Na hizo sauti zao. Kulikuwa na kijana wa Mombasa, mpole mpaka unaona haya: "Shikamoo bibi, waniruhusu nikushike bega?" Wa Nairobi: "Shosh, relax, nakucheki tu bega, sawa?" Na wa huku kwetu Bomet: "Shosho, nakusa peka, samahani." Na nilipomwambia huyo wa Bomet alale nimwonyeshe vile mgonjwa analala, nilisema na ulimi wangu wa Kikuyu, "Rara hapo." Akarara. Hakuna mtu alicheka mwenzake, kwa sababu wote tulikuwa na deni.

Nancy, hii shika. Mikono ya asubuhi ya Kericho ikishika mgongo wako bila kupashwa, utaruka mpaka dari. Waambie waiweke kwa makwapa kwanza. Asiyenawa, usimpe mkono wako. Na usikule githeri ya mahindi na maharagwe siku ya klasi ya tumbo.

Lakini kuna kitu moja mimi nilifanya vibaya, na nilifanya miaka mingi, na watu walinisifu. Hiyo ndiyo nataka kuwaambia.

Mimi nilikuwa na huruma na hao watoto. Mtu ametoka mbali, ng'ombe imeuzwa, anasimama mbele ya mwalimu, anatafuta pahali inauma na hapati. Basi nilikuwa namsaidia. Akikaribia, nilikuwa nafanya "sss" kidogo na meno. Akifika kabisa, nilitoa "uuuwi" inasikika mpaka jikoni. Mwalimu anaandika, mtoto anapumua, mimi nafurahi. Niliona ni kama kumwonyesha mgeni njia.

Yule nilimsaidia kushinda wote alikuwa Cherono, msichana wa Mulot. Kwao hakuna mtu alikuwa amefika chuo kabla yake. Alikuwa ananiletea mursik, maziwa ya kugandishwa, kwa kibuyu kutoka nyumbani, na alikuwa anajua vitabu vyote, lakini mbele ya mtu alikuwa anaganda. Kila akinibonyeza alikuwa ananiangalia usoni. Vidole viko huku, macho iko kwa uso wangu. Na mimi nilikuwa namwambia kila kitu na huo uso. Alipita mtihani wa mwaka wa kwanza, akapita wa pili.

Mwaka wa tatu wakatumwa kwa hospitali kujifunza na wagonjwa wa ukweli. Huko Cherono akapewa mama mzee wa Sosiot, mchuma chai, aliteleza kwa mteremko siku ya mvua akiwa na kikapu mgongoni, akaangukia bega la kulia. Cherono akambonyeza, akamwangalia uso. Uso haikusema kitu. "Inauma?" "Niko sawa." Akaandika kwa karatasi kwamba hakuna maumivu, akampa mazoezi ya kuzungusha mkono, akamwachilia aende nyumbani. Mkubwa wake alitakiwa kuangalia, lakini alikuwa ameenda chai. Hiyo ya chai haikuandikwa kwa ripoti.

Huyo mama alirudi kuchuma na huo mkono, na akafanya hayo mazoezi pia, kwa sababu aliambiwa. Wiki mbili. Aliporudi hospitali mkono haukuwa unainuka tena. Wakapiga picha. Mfupa wa bega ulikuwa umepasuka tangu siku ya kwanza, na sasa kipande kilikuwa kimesonga.

Cherono akarudishwa chuo. Walimu wakakaa, wakaamua atafanya mtihani moja tu, mbele ya watu watatu, na mmoja ni wa kutoka nje. Akianguka, masomo yake imeisha, arudi Mulot.

Madam Chelangat alikuja kunitafuta kwa stoo ya mafagio. Akakalia ndoo. Sikuwahi kumwona akikalia ndoo.

"Mama, nilimuuliza huyo msichana ni nini ilitokea. Unajua aliniambia nini?"

"Hapana."

"Alisema, 'Madam, sijawahi kubonyeza mtu halafu anyamaze.'"

Nikashika fagio, nikairudisha pale pale.

"Nilikuwa nasikia hiyo 'sss' yako," akasema. "Miaka yote nilisikia. Nikasema ni mama tu anawapenda. Kwa hivyo sijui kama ni wewe ama ni mimi." Akainuka, akapangusa sketi. "Mgonjwa wa mtihani ni wewe. Utakuwa yule mama wa Sosiot. Na usiongee na Cherono mpaka siku ifike."

Nikamwambia mimi sijui kunyamaza, sijawahi kufanya. Akasema, "Basi nenda ukasome."

Ndio nikaenda Sosiot. Huyo mama anaitwa Kogo Taprandich, Kogo ni nyanya kwa Kipsigis. Niliuliza kwa soko, nikaonyeshwa nyumba yake chini ya shamba lake ndogo la chai. Nilimkuta mkono umefungwa kwa kitambaa, anachemsha chai na ule mwingine. Nikamwambia mimi ni nani, na kwamba natoka kwa chuo ya yule msichana.

Nilifikiria atanifukuza. Akanipa stuli.

"Ni mtoto wa nani, huyo?" akauliza.

"Wa Mulot."

"Hm. Alikuwa anatetemeka kama kondoo amenyolewa."

"Kogo, mbona hukumwambia inauma?"

Akaniangalia kama nimemuuliza mbona hatembei uchi. "Nimwambie nini? Mimi nilifundishwa nikiwa msichana, jicho lisipepese. Nikae miaka sitini bila kulia, nikuje kulilia mtoto wa watu hospitalini?" Akamimina chai na mkono wa kushoto, hakumwaga. "Na tena nilimwonea huruma. Ningepiga nduru angeogopa, angeacha hiyo kazi. Nikasema acha nimpe moyo."

Nilikaa pale na kikombe nikahisi vibaya. Sisi wawili, nyanya wawili, kila mmoja alimhurumia huyo msichana kwa njia yake. Mimi kwa kelele, yeye kwa kunyamaza. Na katikati yetu mfupa ulikuwa umepasuka na hakuna mtu aliuona.

"Sasa ulichuma aje wiki mbili?"

"Majani haingoji. Huu mkono ulikuwa unachuma, unapea huu mwingine, huu mwingine ndio unarusha kwa kikapu." Akanionyesha na kidole, hata hakuona ni kitu ya maana.

Nilienda kwake mara tatu. Nilimbebea sukari, nikamsaidia kuteka maji, na nilimwangalia vile nilikuwa naangalia wateja wa baba. Maumivu yake haikuwa kwa uso hata kidogo. Ilikuwa kwa vile anageuza mwili yote kuchukua kijiko. Kwa vile anavaa sweta, mkono mbaya kwanza. Kwa vile anavuta pumzi kabla ya kuinuka na haitoi mpaka asimame. Nilirudi nyumbani nikafanya mazoezi ya kunyamaza. Mjukuu wangu aliniuliza kama nimekosana na mtu.

Siku ya mtihani nikawekwa kwa kitanda na leso kichwani na gamubuti. Watu watatu wamekaa nyuma ya meza, Madam katikati, yule wa nje ni mwanaume mwembamba na kalamu mbili mfukoni. Mlango ukafunguka, Cherono akaingia. Akaniona. Nikaona mabega yake yameshuka, akapumua. Alifikiria ameokoka. Hiyo ndiyo kitu mbaya zaidi nimewahi kuona kwa hiyo chumba, na nimeona mtu akitapikia mifupa.

Akanawa. Akapasha mikono. "Kogo, habari. Ulifanya nini?"

"Niliteleza."

"Ni wapi inauma?"

"Niko sawa."

Akaanza shingo, akashuka. Vidole vyake viko sawa, vinaenda pahali panafaa. Akafika kwa mfupa wenyewe, akabonyeza, akaniangalia usoni.

Mimi niliangalia ule mtungi mwekundu wa kuzima moto kwa ukuta.

Akabonyeza tena. "Hapa?"

"Niko sawa."

"Na hapa?"

"Niko sawa, mwanangu."

Vidole vikarudi pale pale, nilivisikia kwa ngozi. Alikuwa anangoja. Miaka mbili nilikuwa nimemjibu na sasa simjibu, na hajui amekosa nini. Ile "sss" ilikuwa imesimama nyuma ya meno yangu. Kidogo tu, hata yule wa nje hangesikia. Nilifikiria baba yake huko Mulot. Nilifikiria kibuyu cha mursik. Yule wa kalamu mbili akaandika kitu, na mimi sijui kusoma lakini hiyo nilijua haikuwa nzuri. Nikauma ulimi, wa ukweli, damu ilitoka kidogo.

Cherono akaondoa mikono. Akasimama tu. Nikasema ndio hiyo, ameisha, na mimi ndiye nimemmaliza mara mbili.

Halafu akauliza, sauti ingine, ya chini, kama mtu ako kwao, "Kogo, nyumbani unafanya kazi gani?"

"Nachuma chai."

"Nionyeshe."

"Hapa hakuna chai."

"Kitanda ndio chai." Akaangalia huku na huku, akachukua pipa ndogo ya karatasi, akaitoa karatasi, akanifungia mgongoni na shuka. Yule wa nje akaweka kalamu chini. Nafikiri hiyo haikuwa kwa kitabu yake.

Nikashuka, nikasimama mbele ya kitanda, nikaanza kuchuma vile Kogo Taprandich aliniambia. Mikono miwili inachuma. Wa kulia ukijaa unapea wa kushoto. Wa kushoto unarusha nyuma. Wa kulia haupiti kifua. Sikuharakisha, sikupunguza, sikumwangalia. Nilirusha mara moja, nikarusha mara mbili.

"Simama hapo," Cherono akasema.

Nikasimama.

"Mbona huu haurushi?"

"Nimezoea hivyo."

"Tangu lini?"

Hiyo sasa ameuliza mwenyewe. Mgonjwa akiulizwa anajibu. "Tangu niteleze," nikasema.

Halafu akafungua shuka, akatoa pipa pole pole, akachukua mkono wangu kwa kiwiko kama mtu anabeba yai, akaufunga kwa kitambaa. Akageukia meza. Hakutetemeka.

"Huyu simpi mazoezi," akasema. "Na simbonyezi tena. Anasema ako sawa lakini mkono wake unasema hapana. Aende picha kwanza."

Madam aliandika. Huwa haandiki haraka, lakini hiyo siku aliandika haraka.

Alipita. Hakunisalimia wiki nzima. Siku ya nane alinipata nikifagia, akasimama mlangoni na kusema, "Shosho, ulinitupa." Nikamwambia ndio, nilikutupa. Nikamwambia pia ile ingine, ya "sss", kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, na kwamba naomba msamaha. Alilia kidogo, mimi nikalia sana, tukaosha dirisha pamoja.

Mwezi mmoja baadaye kitambaa cha Kogo Taprandich kilitolewa, akahitaji mtu wa fizio wa kumfundisha huo mkono upya. Hospitali ikampa mkubwa mwenye uzoefu, Kogo akakataa. Akasema, "Nileteeni yule kondoo." Madam akakubali, akampeleka Cherono yeye mwenyewe, na mimi nikaingia kwa gari bila kuulizwa.

Kogo alikuwa amekaa nje kwa stuli, sweta imevaliwa nusu. Cherono alipiga magoti mbele yake na akaanza kusema pole, na Kogo akamkata.

"Pole umeshasema kwa macho. Fanya kazi."

Cherono akapasha mikono kwa makwapa. Akamuuliza analalia upande gani. Akamuuliza anakamua ng'ombe na mkono gani. Akamwambia amalizie kuvaa sweta, akaangalia. Ndio sasa akaweka vidole, akaanzia mbali, kwa shingo, akashuka.

Kogo alikuwa anaangalia ng'ombe yake, uso kama ukuta. Mimi nimesoma nyuso maisha yangu yote na sikuona kitu hapo. Lakini Cherono hakuwa anaangalia uso. Mkono yake ikatembea, ikatembea, ikasimama.

"Ni hapa," akasema. Hakuuliza.

Kogo Taprandich hakupepesa. Halafu akainama, akaangalia vile vidole kwa bega lake, akamwangalia msichana.

"Ni hapo," akasema. "Inauma sana."